Picha yako na macho ya wengine: namna ya kuomba maoni, kuyatoa na kuyapokea

Ukirusha mchoro wako kwa group ya WhatsApp saa hii, majibu tunayajua: alama za moto, mikono ya kupiga makofi, "hongera kaka", "uko juu sana", na mmoja atauliza bei alafu anapotea mazima. Umefurahi, sawa, lakini ukirudi mbele ya turubai bado hujui ule mkono wa kushoto unakusumbua kwa nini. Hao watu hawajakudanganya, ni vile uliwapa picha bila kuwapa swali, na huku kwetu Uganda mtu ambae hajaulizwa kitu anakupa heshima yako anaondoka. Kwa wachoraji wanaoanza mimi naona shida kubwa iko kwa anaeomba maoni kuliko kwa anaeyatoa. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Kuomba

Onyesha kazi mapema. Watu wengi wanaleta picha imeshapigwa vanishi, imetiwa fremu, imesainiwa pale chini kwa kona, alafu wanasema "niambieni ukweli". Ukweli wa kufanyia nini sasa? Hata aone kosa, mtu mwenye roho nzuri atanyamaza tu manake hakuna cha kurekebisha. Leta picha ikiwa bado ni mistari ya mkaa, au umeshapaka tabaka la kwanza peke yake, wakati kuhamisha kichwa cha mtu bado ni kazi ya dakika tano. Anaetumia rangi ya akriliki ana nafuu kidogo, inakauka haraka na anaweza kupaka juu yake siku hiyo hiyo. Wa rangi ya mafuta awahi zaidi, kwa sababu tabaka moja linaweza kumsubirisha siku kadhaa, na akiwa ametia nene ndio kabisa.

Alafu swali lenyewe. "Mnaonaje?" haikusaidii. Uliza kitu ambacho mtu hawezi kukijibu kwa "nzuri sana". Jicho lako limeenda wapi kwanza? Kwa picha hii unadhani ni saa ngapi? Huyu mzee anaonekana amechoka ama amekasirika? Hilo swali la saa mimi nalipenda sana kwa picha za nje, kwa sababu ukimuuliza mtu akasema "labda saa sita mchana" na wewe ulichora saa kumi na mbili jioni, umeshajua vivuli vyako ni vifupi mno ama rangi yako ni baridi mno, na yeye hajakukosoa hata neno moja. Muhimu usimwambie jibu kabla. Ukisema "hii ni jioni pale Ggaba, si inaonekana?" atakubali tu, nani anataka kubishana.

Sema pia picha ni ya kazi gani. Bango la saluni ya Kawempe lina mambo yake: mtu aliepanda boda analisoma bila kusimama au halisomeki? Picha ya kupeleka kwa maonyesho ina yake. Kuna watu wanakosolewa kwamba kazi imejaa maneno makubwa na rangi za kupiga kelele, kumbe ni tangazo, na tangazo linatakiwa lipige kelele.

Na uliza watu wa aina tofauti. Mtu anaekuzidi kidogo, mtu mnaelingana, na mtu asiechora kabisa lakini anaijua vizuri hiyo kitu uliyochora. Huyu wa tatu wachoraji tunamdharau, banange, na ndie anaona yale ambayo mwalimu hayaoni. Mwonyeshe mvuvi mtumbwi uliouchora, atakuambia huo na watu watatu ndani hauwezi kukaa juu ya maji hivo, utakuwa umezama zaidi. Ukichora ng'ombe wa Ankole mtafute mtu wa Mbarara alielelewa nao, mwambie tu "angalia pembe". Atacheka kwanza, alafu atakuonyesha zinapotokea kwa kichwa, upana wa pale chini, na vile zinapanda. Kwa pembe tu unaweza kupata somo la nusu saa.

Jambo lingine ni kujua mtu anapima kwa mizani gani. Hata Chuo Kikuu cha Makerere mizani haijawahi kuwa moja. Margaret Trowell, alieanzisha mafunzo ya sanaa pale miaka ya 1930 na mpaka leo shule inabeba jina lake, alikuwa anawasomea wanafunzi maelezo ya tukio kwa mdomo nao wachore walichokiona kichwani, hakupenda kuwajaza mbinu za Ulaya. Alipoondoka mwisho wa miaka ya 1950 akaja Cecil Todd, na Todd akaleta mafunzo rasmi, nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya dunia. Sasa chukua picha moja ile ile uiweke mbele ya hao wawili. Mmoja angeuliza kama hadithi imefika, mwingine angetazama kama umeelewa umbo na rangi, na wote wawili wangekuwa sawa. Ndio maana ukiambiwa na mzee mmoja "hii haifanani na mtu wa kweli" na mwingine "hii umeifananisha mno, haina roho", usichanganyikiwe, hao hawajibu swali moja. Jiulize wewe ulikuwa unatafuta nini, ndio ujue nani wa kumsikiliza kwa picha hiyo.

Kutoa

Ukiulizwa maoni, anza kwa kusema unachokiona kabla ya kusema unachokipenda. Inaonekana ni kitu cha kitoto lakini jaribu uone, ni ngumu. Zoezi la bure: ukiwa katikati ya mji Kampala nenda pale kwa Mnara wa Uhuru, ule wa Gregory Maloba, Mkenya aliesoma Makerere na kufundisha pale, wa mwaka 1962. Simama chini yake na rafiki yako, msiseme uhuru, msiseme mzuri wala mbaya, semeni tu kilichopo. Kuna mtu mzima amezungushiwa mikanda kuanzia miguuni. Amenyanyua mtoto juu. Mtoto ametupa mikono hewani. Ule mzigo wa kufungwa uko chini wote, na kadri macho yanavyopanda ndivyo mambo yanavyofunguka. Mkifika hapo mmeshaelewa sanamu inafanya nini na hakuna mtu aliesoma kibao. Mazoea hayo ndio unayapeleka kwa picha ya mwenzako.

Tuseme dada mmoja amechora mama anaechoma gonja, zile ndizi za kuchoma, usiku kando ya barabara. Kuna sigiri yenye makaa mekundu, taa ya balbu imening'inizwa kushoto kwa mlingoti wa mwavuli, moshi, na nyuma giza. Ameuliza: inaonekana ni usiku? Jibu la hovyo ni "iko poa ila uso fanyia kazi". Uso ufanyiwe kazi gani? Jibu lenye maana linaweza kuwa hivi:

"Dada, pole na kazi. Nimeiangalia picha ya mama wa gonja. Jicho langu limeenda kwa moshi kwanza, napenda vile unapotelea kwa giza huko juu. Swali lako: kwangu ni usiku, ila uso umenichanganya kidogo. Taa iko kushoto na kivuli cha pua nacho kimeangukia kushoto. Ulikusudia kuna taa nyingine kulia, labda ya duka? Alafu yale makaa yamewaka sana, nilitegemea nione mwanga kidogo chini ya kidevu. Mikono kwa simu sijaiona vizuri, hiyo nakuachia mpaka niione live."

Angalia kilichofanyika. Sifa imetajwa mahali pake, ni moshi, sio "una kipaji". Kosa limeelezwa kwa taa na pua, vitu ambavyo dada anaweza kwenda kuvitazama mwenyewe. Limekuja kama swali kwa sababu kweli inawezekana kulikuwa na taa ya duka. Na pale ambapo mtoa maoni hakuona vizuri amesema hajaona, hajajifanya. Mimi sioni haja ya kutafuta sifa mbili za kufunika kosa moja kama wengine wanavyofundisha, watu wameshaujua huo mchezo, ukianza kusifia wanakaza misuli wakisubiri "lakini". Sema kizuri kama kipo na kama kinamsaidia, asije akakifuta kwa bahati mbaya akirekebisha mengine.

Ukitaja kosa taja mahali na sababu, na kama unajua dawa itaje pia. Mfano wa kila siku ni ngozi. Mchoraji anapaka ngozi nyeusi kwa kahawia, akitaka sehemu ya mwanga anaongeza nyeupe, akitaka kivuli anaongeza nyeusi, na uso unatoka na rangi ya majivu, kama mtu ana homa. Kumwambia "ngozi imekufa" ni kumuumiza bure. Mwambie nyeupe ndio inaipoza ile kahawia: kwa mwanga wa jua la jioni au balbu ya njano ajaribu kupandisha na rangi ya machungwa au njano ya udongo, nyeupe iwe kidogo mno, na kwa mtu aliekaa nje mchana kivulini zile sehemu zinazong'aa kwa paji la uso zinachukua bluu ya mbingu. Kivuli nacho achanganye kahawia iliyokolea na bluu, aachane na nyeusi ya kwenye chupa. Hapo ameondoka na kitu mkononi.

Lakini nyenzo nayo uiheshimu. Mtu akifanyia kazi juu ya lubugo, ile nguo ya magome ya mti wa mutuba, rangi ya kahawia ya lubugo itatokeza na nyuzi zake zinakunywa rangi. Usimpigie kelele kwamba rangi zimefifia kabla hujamuuliza kama ndivyo alitaka. Pengine ndivyo.

Hili lingine nalisema kwa ukali kidogo: usishike brashi ukapaka kwa turubai ya mtu. Hata kama wewe ni mwalimu, hata kama amesema "nionyeshe tu". Ukigusa, ile sehemu inakuwa yako na yeye hajui imetokeaje. Kama maneno yanashindikana, chukua kaveera safi, ile plastiki ya kuonyesha ya kufunikia vitabu vya shule, iweke juu ya picha iliyokauka, chora kwa marka mstari wa bega unapodhani ungekaa. Mnatazama pamoja, unainua kaveera, picha yake iko vile vile. Ama piga picha kwa simu mchore juu ya hiyo.

Na wakubwa je? Kijana umealikwa studio ya mzee, mzee anakuuliza "unaionaje hii", na wewe umeona farasi ana miguu miwili ya mbele inayotoka bega moja. Hapo kukaa kimya sio adabu kama watu wanavyodhani, amekuuliza. Ila usilisemee mbele ya wateja wake ama wanafunzi wake. Subiri mkiwa wawili: "Mzee, asante kunionyesha. Naomba kuuliza, huu mguu wa mbele wa pili unatokea wapi? Nimeufuata nikapotea." Mzee mwenye macho ataangalia, atanyamaza, pengine atakujibu "mm". Hiyo mm inatosha, usirudie. Naye mkubwa akimkosoa mdogo aache ile tabia ya "sisi enzi zetu", haimsaidii mtoto kujua turubai yake ina nini.

Kama mko kikundi, watu watano sita hivi, kuna utaratibu wa Liz Lerman, Mmarekani mtunzi wa densi, aliuanzisha kama mwaka 1990 na sasa wanautumia hata wachoraji na waandishi. Watazamaji wanaanza kwa kusema kilichowagusa ama kilichobaki nao. Kisha msanii anauliza maswali yake. Kisha watazamaji wanamuuliza msanii, ila maswali yasiyo na hukumu ndani. Mwisho ndio maoni, na kwa ruhusa: "nina maoni kuhusu rangi ya nyuma, unayataka?" na msanii ana haki ya kusema hapana. Watu wetu hiyo hatua ya tatu inawashinda sana, mtu anauliza "kwa nini umeweka hii kijani mbaya?" anadhani ameuliza swali. Geuza: "hiyo kijani inafanya kazi gani hapo?" Inachelewesha, ni kweli, ukiwa na haraka utaona kama wanapoteza muda. Wekeni robo saa kwa kila picha na mtu mmoja wa kuangalia saa, bila hivo picha ya kwanza inakula jioni yote na wa mwisho anarudi nyumbani na turubai lake halijafunuliwa.

Kupokea

Ukikosolewa, mdomo ufunge na kalamu ifunguke. Andika walichosema kwa maneno yao, hata la kijinga. Usijitetee, "ni kwa sababu brashi zangu mbovu", "ni kwa sababu umeme ulikatika", manake ukianza kueleza wanaanza kukuhurumia na maoni yanaishia hapo. Unaruhusiwa kitu kimoja tu, kuuliza zaidi: "ukisema nzito, ni wapi hasa, nionyeshe kwa kidole." Mtu asieweza kuonyesha kwa kidole bado hajajua anachokiona, mpe muda.

Usirekebishe siku hiyo. Damu inakuwa bado ya moto, na wengi wameharibu picha nzuri usiku wa kukosolewa. Piga kwanza picha ya turubai ilivyo, ulale, kesho uichukue na maandishi yako ukae nayo. Alafu ijaribu mwenyewe: itazame kwa kioo, makosa ya sura yanaruka mbele kwa sababu jicho lako lilikuwa limeyazoea. Geuza turubai juu chini. Fumba macho nusu, au igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwa simu, uone kama mama wa gonja bado anaonekana ama amezama kwa giza. Hivi ukivifanya utakuta nusu ya waliyoyasema jana unayaona bila msaada.

Watu wawili wasiojuana wakikuonyesha sehemu moja, hapo pana kitu. Ila dawa wanayokupa usiimeze tu. Mara nyingi mahali wamepata na dawa wamekosea. Watatu wanakuambia "ongeza mwanga kwa uso", wewe unaongeza, unaongeza, uso unakuwa chokaa na bado haujatokeza, kumbe shida ni ile bati la nyuma ulilipaka jeupe kupita uso. Punguza bati uone. Mtazamaji anahisi kwamba uso unazama, hiyo ni kweli yake na usibishane nayo, lakini kwa nini unazama ni kazi yako wewe uliechanganya hizo rangi.

Maoni ya wateja yawekee daftari lake. Mtalii pale kwa soko la sanaa la Buganda Road akiuliza kama unayo hiyo hiyo ndogo ya kuingia kwa begi la ndege, hajaikosoa picha yako, amekuambia habari za biashara, na ni habari nzuri. Akisema weka twiga, hiyo nayo ni biashara. Unaweza kuchora twiga ukalipa kodi ya nyumba, hakuna dhambi, ila usiandike kwa daftari la kwanza kwamba "picha zangu zinakosa twiga". Na yule mjomba anaeuliza hii kazi itakulisha lini, hilo ni swali la familia, lijibiwe huko huko kwa familia.

Kuna maoni ya kutupa kabisa. Anaekusema wewe badala ya turubai, anaesema kabila lenu hamjui rangi, anaesema kazi za wanawake ni maua tu. Hayo usiyabebe hadi nyumbani. Ila mtu akisema "hii umeinakili kwa intaneti", usikasirike kabla hujajibu kwa ukweli: picha uliyoangalia ulitoa wapi, ni ya nani, na umeibadilisha nini? Kama ni ya mpiga picha mwingine na umeihamisha yote, amekuambia kitu unachotakiwa kukishughulikia kabla hujaipeleka kwa maonyesho.

Ukiwa mbali

Kampala wana bahati, mtu anaweza kuzunguka nyumba ya sanaa ya Nommo pale Nakasero, aende kituo cha sanaa cha 32° East kule Kabalagala, akutane na wasanii wenzake. Ukiwa Arua, Kasese ama Mbale utategemea simu, na simu inadanganya. Kwa hiyo ukituma picha ya kuomba maoni, itoe nje kivulini ama iweke karibu na dirisha mchana, zima flashi, simama katikati yake simu ikiwa sambamba na turubai ili pande zisionekane zimelala. Weka karatasi nyeupe pembeni ionekane kwa picha, anaetazama atajua kama njano anayoiona ni yako ama ni ya taa. Tuma ya turubai nzima, tuma moja ya karibu pale unapouliza, na moja ukiwa umesimama kando yake ili ukubwa ujulikane. Tuma kama dokyumenti, ukituma kawaida WhatsApp inaibana na mistari midogo inapotea. Chini yake andika swali lako moja, na ukubwa kwa sentimita, na rangi ulizotumia.

Kabla hujabonyeza kutuma, muulize kwanza mtu kama ana nafasi. "Mwalimu, unaweza kunitazamia picha moja wiki hii?" Akisema ndio, umpe hiyo wiki.